Bonswar ya Mama Mashuka

Wifi yake alimnyang'anya Mama Mashuka kiti cha mapokezi, tena kwa maneno aliyomfundisha yeye mwenyewe. Hilo lisemwe kwanza, maana wapo wanaolipindisha na kuliita bahati.

Miaka kumi na sita alifua na kutandika mashuka katika nyumba ile ya wageni yenye vyumba tisa, hata jina lake likasahaulika, akawa Mama Mashuka. Shule hakuiona. Kifaransa alikiokota milangoni, neno moja moja, kwa kuwa wageni wengi walikuwa wa lugha hiyo. Mwanzoni aligonga, akaomba taulo chafu, na mgeni akamtazama kama anatazama ukuta. Siku ya tatu akaelewa: kwa watu wale huanzi na shida yako, unaanza na salamu, bonjur, ndipo masikio yanafunguka. Tangu hapo kila neno akalijua na kazi yake. Pardon ni la kupita na kapu penye watu. Sil vu ple haliachwi ukiomba kitu. Bonswar ni ya kumpokea mtu jioni. Bon nwi huambiwa anayekwenda kulala, mto umeshapangwa.

Meneja alipotaka mtu wa mapokezi mwenye Kifaransa kidogo, Mama Mashuka aliitamani kazi hiyo, akamwambia mtu mmoja tu, dada wa mumewe. Akaja siku hiyo hiyo na daftari, mdomo asali.

"Nifundishe na mimi, wifi yangu. Nami nitakuandikia barua ya maombi."

Wakakaa juu ya rundo la mashuka, huyu akitaja, yule akiandika. Kila Mama Mashuka alipotaka kueleza neno linasemwa wakati gani, wifi alimkatiza.

"Nipe maana tu. Matumizi nitayajua mbele ya safari."

Barua iliandikwa kweli. Ila jina lililowekwa chini lilikuwa la mwandishi.

Basi wifi akakaa kwenye kiti kirefu, feni ikimpepea, kucha nyekundu juu ya meza. Mama Mashuka alipita pale na kapu mara kumi kwa siku, na mara zote kumi aligeuza shingo kutazama.

"Utamtoboa kwa macho," mpishi alimtania.

"Simtazami yeye. Natazama kiti."

"Kiti hakijakukosea."

"Ndiyo maana nakihurumia."

Jioni moja akaingia bibi mmoja mgeni, sanduku mkononi, vumbi hadi kwenye nyusi. Wifi akatabasamu meno yote.

"Bon nwi, madam."

Mgeni akasimama. Akaangalia saa yake, akaangalia mlango alioingilia, kama mtu aliyeambiwa akalale kabla hajatua mzigo. Akauliza jambo. Wifi akainamia daftari chini ya meza, akipekua.

Mama Mashuka alikuwa kwenye ngazi na mashuka safi kifuani. Moyo ukamwambia, nyamaza aumbuke. Akanyamaza, na kwa kitambo kile utamu ulimjaa kinywani. Lakini neno lile alikuwa amelilea mwenyewe, na kuona linaburuzwa vile kulimuuma kuliko kiti. Akashuka.

"Bonswar, madam," akasema taratibu, akanyoosha mkono kwenye sanduku. "Sil vu ple."

Uso wa mgeni ukafunguka. Akamwachia sanduku, na mersi mbili za shukrani juu yake.

Meneja alikuwa ametokea mlangoni mwa ofisi. Akamgeukia wifi, amefurahi.

"Kazi nzuri. Kumbe umemfundisha hadi dobi wetu."

Wifi akamtazama Mama Mashuka. Nafasi ya kusema ilikuwepo, pana kama uwanja.

"Najitahidi, bosi," akajibu.

Asubuhi alimfuata kwenye beseni, daftari wazi.

"Wifi, lile la jioni ulilitamkaje?"

Mama Mashuka alikamua shuka mpaka tone la mwisho.

"Kalipe kwanza."

"Nilipe nini? Nimekukopa?"

"Wajua."

Hajamfundisha neno jingine tangu siku ile. Anachodai ni sentensi moja, ya Kiswahili, isiyohitaji daftari: kwamba aliyenifundisha ni huyu. Isemwe mchana, pale mapokezi, meneja akisikia. Anayedaiwa ni wifi, na kila akipita na kapu lake, Mama Mashuka hupunguza mwendo kidogo, amsikilize.