Basi la Dingli Lilipoondoka na Mama

Aliyetaka niende Malta kusoma ni Baba, na siku niliyoondoka Maskati yeye hakuwepo tena duniani. Nilitaka kuahirisha, lakini Mama hakukubali. "Baba yako alishasema nenda. Basi nenda." Nikapanda ndege, nikabadili Istanbul, nikateremka kwenye kisiwa kidogo katikati ya Bahari ya Mediterania, mawe yake yote rangi ya asali.

Miezi ya mwanzo nilitembea kila Jumamosi. Niliona Valletta, mji uliojaa vibaraza vya mbao vinavyotokeza ukutani ghorofa juu ya ghorofa. Nilivuka kwa meli kwenda Gozo, nikala jibini mpaka nikachoka. Jioni humpigia Mama kumhadithia, naye hujibu, "Vizuri, mwanangu," basi. Eda yake ilikuwa imeshakwisha, lakini hakutoka nyumbani kwetu Ghubra, kule Maskati, hata soko la Mawaleh alilokuwa akienda na Baba kila wiki hakulikanyaga tena. Ilipokaribia likizo nikamwambia aje kwangu. Alikataa, akakataa tena, mwisho kaka yangu Nasser akamleta mwenyewe, akalala usiku mmoja, akarudi Maskati, kazini kwake Khuwair.

Siku ya kwanza Mama hakutoka. Alisugua jiko langu, akapika pilau, akakaa dirishani.

"Tutoke basi, Mama."

"Nitoke niende wapi, Rayya? Mji wa watu huu. Kiingereza changu cha salamu tu. Nna nini mie cha kuwaambia?"

Kesho yake asubuhi nilimbembeleza mpaka akajitanda mtandio wake wa zambarau, tukapanda basi la Dingli linalopitia Rabat, ili kutoka hapo tuingie Mdina, mji wa kale wenye ukuta. Tulikaa viti mbalimbali kwa vile basi lilijaa. Tulipofika kituoni nikamwashiria, nikashuka mbele, mkoba wake na simu yake nimebeba mimi. Watalii wenye mizigo wakasongamana mlangoni. Nageuka nimpe mkono, mlango umeshafungwa! Nikauona ule mtandio wa zambarau nyuma ya kioo, unakwenda zake.

Nilikimbia nyuma ya basi nikipiga kelele kwa Kiswahili, kama kwamba dereva ni mtu wa Ng'ambo, mtaa wa Waswahili walikotoka wazee wetu. Likapinda kona, likapotea. Mama amekubali kutoka mara moja tu, nami nimempoteza. Nilijua akirudi salama, hatatoka tena.

Basi lililofuata lilichelewa, au mimi ndiye niliyeona hivyo. Nilisimama karibu na dereva njia nzima, nachungulia kila kituo, mashamba yanapita na kuta zake za mawe, sioni uzuri wa chochote. Tukaingia Dingli, kijiji cha mwisho kabla ya majabali ya bahari.

Mbele ya kanisa, kwenye benchi, nikamwona. Amekaa na bibi mmoja mnene aliyevaa aproni, na Mama mkononi ana kipande cha mkate uliopakwa nyanya na mafuta ya zaituni. Anacheka.

Yule bibi akaninyooshea kidole, akamuuliza Mama, "Binti?"

"Binti!" akaitikia Mama.

Nilimkumbatia nikalia. Yeye akanifuta machozi kwa ncha ya mtandio, huku ana haraka ya kunihadithia.

"Nlimwambia dereva, binti, binti, na kidole nje. Akafahamu! Akanishusha hapa, akanikabidhi kwa huyu Bi Karmena. Rayya, nnakwambia, hawa wana maneno yetu. Mkate wanasema khobz, kama Kiarabu chetu. Nikahesabu sita, saba, naye akahesabu sitta, seba. Nikafika tisa, akasema disa!"

"Hukukhofu?"

"Nlikhofu sana. Mpaka nlipoona kafahamu."

Bi Karmena hakutuachia tuondoke. Alitupeleka mpaka ukingoni mwa majabali, ardhi inapokatika ghafla na bahari iko chini kabisa, buluu iliyokolea. Kisha akatukaribisha kwake kahawa. Ukutani palikuwa na picha ya mwanamme mwenye masharubu. Mama akaitazama. Bi Karmena akasema neno moja: "Miet."

Mama hakuhitaji tafsiri. "Amekufa," akasema polepole. "Na wangu mie pia."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitamka neno hilo kwa kinywa chake. Bi Karmena akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka kahawa ikapoa, wala hapana aliyeona haya. Halafu akaenda kutia nyingine.

Tangu siku hiyo Mama ndiye aliyekuwa akiniamsha. Tuliingia Mdina, tukapita vichochoro vyake vya kivuli, husikii ila kwato za farasi wa watalii. Sokoni alinyanyua tufaha, muuzaji akasema "tuffieħ". Akanyanyua kitunguu thomu, akaambiwa "tewm". Akanunua vyote viwili kwa furaha tu, na tufaha zilikuwa zimejaa nyumbani.

Likizo ilipokaribia kwisha nilimrudisha mwenyewe. Jioni ile ile ya kufika Ghubra, majirani na jamaa walijaa barazani, halwa na kahawa zikapita. Nilikuwa nimejitayarisha kusimulia, maana miji ile naijua mimi. Sikupata nafasi. Mama alisimulia yote, na alipofika kwenye basi alisimama, akaigiza mimi ninavyokimbia, wanawake wakashika mbavu. Kaka Nasser alisimama mlangoni anamtazama.

Shangazi akauliza, "Na bahari yao, nzuri?"

"Bahari si hii hapa tunayo," akajibu Mama, akimmiminia kahawa. "Mie nimekwenda kuonana na watu."