Jicho la Kinyonga wa Bi Hajira

Mimi kinyonga namwogopa mpaka kesho. Siku nilipohamia kwa Bi Hajira hapa Kisarawe nikamkuta kinyonga kwenye tundu barazani, nusura nibebe godoro langu nirudi nilikotoka.

Bi Hajira anauza vitumbua na kulima mihogo Mzenga. Huko shambani ndiko alikomwokota huyo kinyonga, mguu umejeruhiwa na jembe, akamuuguza. Majirani walisema ataleta mkosi. Aliwajibu kwamba mkosi ni midomo yao. Kila asubuhi humnyunyizia maji kwenye majani, maana maji ya bakuli hayanywi, kisha humtafutia panzi.

Jumatatu moja aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Recho! Njoo mwanangu, njoo uone!"

Jicho la kushoto lilikuwa limevimba na kufumba. La kulia lilichuruzika maji. Kinyonga asipoona hawezi kulenga panzi, na asipolenga hali. Bi Hajira alilijua hilo.

Nikaropoka kwamba tumtie machoni maziwa ya mama, kama watiwavyo watoto wachanga. Yeye akampigia simu Eliya, bwana mifugo.

Eliya alikiri kwamba yeye ni mtu wa ng'ombe na kuku. Lakini alikuja, na baada ya kumwamkia Bi Hajira aliuliza, "Bibi, umebadilisha nini kwenye hili tundu?"

"Hakuna. Nimelizungushia chandarua kipya tu, kile wanachogawa kliniki, nyoka asiingie."

Eliya akakishika, akanusa vidole. "Hiki kina dawa ya mbu, bibi. Huenda anajisugua nacho macho kutwa nzima."

Bi Hajira akaketi sakafuni. "Basi nimemuua kwa mkono wangu mwenyewe."

Chandarua kikatolewa. Eliya akaagiza tununue maji ya chumvi ya duka la dawa, tuyapashe moto kidogo, tumwoshe macho mara tatu kwa siku, na tusithubutu kumtia dawa za macho za watu. Ila mikono ya Bi Hajira haikutulia, maji yakawa yanamwingia puani. Akanigeukia.

"Bibi, mimi siwezi."

"Basi atakufa, Recho."

Nikamshika kinyonga. Alikuwa wa baridi, mwepesi, na vidole vyake vikanibana kama vibanio vya nguo. Siku ya kwanza nilipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Ya pili nilikaza meno huku machozi yakinitoka.

Siku ya nne jicho la kulia lilikuwa wazi. La kushoto lilionyesha mstari mwembamba tu. Nikamsogezea panzi kwa vidole vyangu. Alitazama muda mrefu mno. Ulimi ukafyatuka, ukamkosa panzi, ukanipiga kidole gumba.

"Kalenga!" Bi Hajira akaangua kilio. "Mwanangu, anaona!"

Mimi nilikuwa bado nimemshikilia panzi palepale, nikimwomba kinyonga alenge tena.