Kopo Moja, Fatiha Moja

Fundi wa pompe za maji hainami juu ya maji kabla ya kutoa beji ya chama kifuani na kuitia mfukoni. Siku ile alifanya vivyo hivyo, kisha akaweka sikio kwenye tangi la kioo la samaki wa marehemu Baba. Watatu walikuwa wamekufa tangu mazishi, na waliobaki walitweta juu ya maji. Sisi tulikuwa tumefungua kabisa robine, bomba la kuingizia maji, tukidhani maji mengi ndiyo uzima. “Maji iko inakimbia sana, dada. Muchanga na makala haipati nafasi ya kushika buchafu.” Akaweka kopo tupu la maziwa chini ya ndoo ya kuchujia, maji yalimopitia kwenda kwa samaki. “Muzee alikuwa anapima mwendo ya maji na Fatiha moja. Soma. Baba Yetu yangu ni murefu kwa hii kopo.”

Tangu kaburini sikuwa nimeweza kuimaliza Fatiha. Kopo likajaa nikiwa katikati. Vidole vya fundi, vyeusi kwa makaa, vikakaza robine kidogo. “Tena.” Mara ya tatu maji yalifika ukingoni nikisema Amina. Kufikia alasiri samaki waliacha kutweta, wakashukia mawe yao mmoja mmoja. “Alhamdulillahi,” Mama akasema. Fundi akarudisha beji kifuani, akaomba chai.