Mbishi wa Kisimani na Sala Isiyo Yake

Saa moja na robo asubuhi. Mchimba visima amekaa kwenye ukingo wa shimo, miguu ikining'inia gizani, anafunga fundo la kamba kiunoni kwa mara ya tatu. Mafundo mawili ya kwanza hayakuwa na kasoro. Ameyafungua tu.

"Fundi, hilo fundo unalifunga au unalibembeleza?" anauliza mshika kamba, mtu mfupi mwenye mabega kama mlango, aliyefanya naye kazi miaka tisa.

"Funga mdomo, shika kamba."

Wanacheka wote wawili, lakini macho ya mchimba yanakimbilia kwenye ukuta wa kiwanja, aliposimama mkewe. Mama Pacha hajawahi kukanyaga mahali pa kazi ya mumewe. Siku zote amesema hataki kuliona shimo linalomlisha. Leo amekuja bila kualikwa. Amekunja mikono kifuani na hajamsemesha mtu. Hata nyumbani, kwa wiki saba sasa, maneno yake kwa mumewe yamekuwa ya kupimwa kwa kijiko.

Ni wiki saba tangu shimo hilihili limfukie.

Mtaani wanamwita Mbishi. Ana miaka arobaini na miwili, ni baba wa mapacha wa kike wa miaka tisa, na amechimba visima thelathini na saba kwa sururu ya mpini mfupi, koleo na ndoo. Hulipwa kwa mita. Udongo laini, mita moja ni kazi ya siku moja. Akikutana na mwamba, mita hiyohiyo hula siku nne na malipo ni yaleyale.

"Mwamba haujui bei," anasema.

Ubishi wake hauko kwenye siasa wala mpira. Mbishi haamini kama kuna anayewasikiliza watu wanaposali. "Juu yupo mshika kamba," hupenda kusema. "Huyo nimemwona kwa macho, na deni la soda analo."

Hakuzaliwa hivyo. Baba yake naye alikuwa mchimba visima, mtu wa ibada asiyeteremka bila kusali. Siku moja aliteremka, kamba ikakatika mita sita kutoka chini. Mbishi alikuwa na miaka kumi na tisa, na ndiye aliyeteremka kuutoa mwili.

"Alisali asubuhi ile. Nilimsikia kwa masikio yangu," anasema polepole. "Kamba haikusikia. Tangu hapo nikaamua, mimi nitakagua kamba."

Akaoa mwanamke wa kusali.

Kila alfajiri, Mama Pacha huamka kabla ya wote, huwasha jiko, huteka maji, kisha husimama jikoni na kuongea na Mungu wake hadi maji yachemke. Nyumba ni ya vyumba viwili, na jiko limetengwa na chumba cha kulala kwa pazia la maua. Pazia halizuii sauti.

"Nitakwambia ukweli, nilikuwa na wivu," anasema Mbishi, na kwa mara ya kwanza mtu huyu mwenye ulimi anatazama chini. "Wivu wa kijinga, lakini wivu. Sauti ile anayompa Yeye, mimi sijawahi kupewa. Mimi napewa ya 'mafuta yameisha' na 'futa miguu'. Angekuwa mwanamume wa mtaa wa pili ningejua la kufanya. Huyu ningemkabili wapi?"

Akawa anajifanya amelala, anakoroma kwa makusudi, huku masikio yamesimama. Hivyo ndivyo alivyojua mkewe anaogopa mvua kubwa. Ndivyo alivyojua ana jino linalomuuma ambalo hakumwambia mtu. Siku ya tatu ya jino, akamchukua hadi kwa daktari, wakakaa kwenye foleni kuanzia asubuhi hadi adhuhuri.

Kesho yake, nyuma ya pazia, akamsikia mkewe akishukuru: *Asante kwa kuutia moyo wa mume wangu huruma.*

"Nilinuna siku nzima kazini," anasema. "Nauli nimetoa mimi, foleni nimekaa mimi, anashukuriwa mwingine!"

Mshika kamba anaikumbuka siku hiyo. "Alichimba mita moja na nusu. Sijawahi kuona mtu akiuadhibu udongo vile."

Miaka kumi na moja ya ndoa, yote ya kusikiliza hivyo. Kitu kimoja tu hakukipata: mwisho wa sala. Kila siku, akikaribia kumaliza, Mama Pacha hushusha sauti kama mtu anayeficha kitu chini ya mto. Mumewe alijaribu kukohoa kidogo, kujigeuza, hata kusogeza kitanda karibu na pazia kwa kisingizio cha joto. Hakuambulia neno.

Kazi ya visima ina sheria moja isiyovunjwa: aliye chini hanyamazi. Hewa ya shimoni ni mwizi, humchukua mtu bila kumgusa. Kwa hiyo aliye chini huongea muda wote, la maana na lisilo na maana, na aliye juu husikiliza. Akikaa kimya kwa pumzi kumi, mshika kamba hutikisa kamba na kuita. Asipojibiwa, huvuta.

Siku ya ajali walikuwa wamefika mita kumi na moja. Ilikuwa saa nane mchana. Sururu ilifungua tabaka la mchanga lililojificha nyuma ya udongo, na mchanga ukaanza kumwagika.

"Ukuta haukupiga kelele," anasema Mbishi. "Ulikohoa tu."

Mchanga ulimzika hadi kwapani. Ubao aliokuwa akiutumia kukanyagia ulinyanyuka, ukakwama juu ya kichwa chake, ukashika mzigo uliofuata. Kamba ilikuwa imebanwa pamoja naye. Kumvuta kungeshusha kilichobaki. Ilibidi majirani waingie kwa zamu, wakitia mbao ukutani na kutoa mchanga ndoo kwa ndoo. Kazi hiyo ilichukua saa tano.

Saa tano za kutonyamaza.

"Saa ya kwanza nilimtukana mshika kamba," anasema.

"Matusi ya daraja la kwanza," mshika kamba anathibitisha. "Nilifurahi kama nimepewa zawadi. Anayekutukana ana hewa."

Matusi yalipoisha, akataja zana zake. Kisha jedwali la kuzidisha analowafundisha mapacha. Kisha ndugu zake, mmoja mmoja, wazima na waliotangulia. Alipofika kwa baba yake akakwama. Kila alipotoa pumzi mchanga ulimbana zaidi, na sauti ilikuwa imebaki uzi.

"Nilikuwa sina neno jingine kichwani. Nikasema, basi, nanyamaza. Halafu haya yakaja yenyewe."

Juu, watu waliokuwa wamejaa kiwanjani walisikia Mbishi, yule Mbishi, akisema kwa sauti nyembamba kutoka chini ya ardhi: *Wewe unayeamka kabla yangu, nimekuja tena. Maji hayajachemka, watoto wamelala, mwenzangu anakoroma. Ardhi isimkumbatie kabla yangu. Kamba yake iwe ndefu kuliko shimo lake. Aliye juu asisinzie.*

Wanawake wakaanza kulia. Mwenye kiwanja akavua kofia. "Kumbe ubishi ni wa juu ya ardhi," akasema, na neno hilo likauzunguka mtaa mzima kabla aliyesemwa hajatolewa.

Mshika kamba peke yake ndiye aliyeshangaa. "Nikajiuliza, anakoroma nani huko chini?"

Mbishi aliifuata sala hadi pale mkewe anaposhusha sauti, na kwa kuwa hakujua zaidi, akarudi mwanzo. Akafika palepale, akarudi tena. Mshika kamba anasema alipoteza hesabu. Saa moja jioni akatolewa, mbavu mbili zimevunjika, bado midomo inatembea.

Mama Pacha alikuwa safarini na watoto, kwa mama yake mzazi. Alimkuta mumewe zahanati asubuhi iliyofuata, na kabla hajafika kitandani, jirani alimdaka kwenye korido.

"Shoga, mumeo kasali! Sala tamu, watu wamelia! Eti 'maji hayajachemka, mwenzangu anakoroma'!"

Jirani alitegemea kuona machozi ya furaha. Akaona uso unabadilika.

"Nilisimama pale pale," anasema Mama Pacha, ambaye aliyasimulia haya nyumbani, mumewe akiwa nje. "Maneno ni yangu. Sikumpa mtu."

Aliingia wodini, akahakikisha kwanza kwamba mumewe anapumua, akamfunika vizuri, ndipo akamuuliza: "Miaka kumi na moja, Baba Pacha?"

Mumewe akageuzia uso ukutani.

"Angeshika simu yangu ningekasirika kidogo," anasema. "Nyumba ina vyumba viwili na watu wanne. Sina hata droo ya peke yangu. Pale jikoni ndipo palikuwa pangu, na kumbe palikuwa na mtu."

Tangu siku hiyo alianza kunong'ona. Wiki ya pili akahamia uani, nyuma ya kamba za nguo, na kuacha maji yachemke bila mwangalizi.

Kwa Mbishi, hiyo imekuwa adhabu kuliko mbavu. "Zamani nilikuwa nachungulia dirishani. Sasa dirisha limefungwa, na wao wako ndani," anasema. "Kila alfajiri naona kivuli chake kati ya mashuka, mdomo unatembea. Nashikwa na wivu. Tena safari hii najua anasemwa nani."

Mtaa haukuyajua hayo. Mtaa ulijua Mbishi amesalimu amri. Kiongozi wa ibada alikuja na matunda na ombi: asimame mbele ya waumini, atoe ushuhuda. Mama Pacha alikuwa akikata vitunguu wakati huo. Hakuinua kichwa, lakini kisu kilisimama.

Miaka yote alikuwa akimwomba Mungu ampe siku kama hiyo. Mumewe alijua, maana alikuwa amesikia. Angetamka "ndiyo" moja tu na amani ingerudi ndani ya nyumba.

"Nilitaka kusema ndiyo," anasema. "Lakini huyu mwanamke nimeshamwibia mara moja. Nikasimame pale nijifanye maneno ni yangu? Nikamwambia mzee wetu, siwezi kushuhudia barua ya mtu mwingine."

Kisu kikaendelea kukata.

Je, alisali au hakusali? Swali hilo ameulizwa na kinyozi, na mwenye duka, na hata binti zake. Anakuna kidevu.

"Sijui. Mimi sikuwa namwita Yeye. Nilikuwa naifuata sauti ya mke wangu gizani, kama mtu anayeshika ukuta. Kama kulikuwa na mwingine anasikiliza, hiyo ni kazi yake. Nilichokuwa nakijua ni kwamba nikimaliza maneno yake nimekwisha."

Mipango yake ni ya kazi. Amemshawishi mwenye kiwanja anunue pete za zege, zikiteremshwa zishike ukuta mita kwa mita, na hatachimba tena bila pete. Anatumaini kufikia maji kabla mwezi haujaisha. Kuhusu nyumbani, anasema ana tumaini moja na halitamki.

Fundo la tatu limekaza. Mshika kamba anatema mate viganjani, kapi la kamba linalia, na Mbishi anateremka polepole kati ya pete mpya zinazong'aa kwa unyevu. Kofia yake inakuwa ndogo, inakuwa doa, inapotea.

Sauti yake inapanda. Anamtukana mshika kamba. Anazisifu pete. Anaeleza kuwa ubao uleule bado uko chini na ameusalimia. Kisha maneno yanapungua, kama ndoo inayokwangua sakafu.

Halafu, kutoka mita kumi na moja chini: "Wewe unayeamka kabla yangu…"

Mama Pacha anaacha ukuta. Anatembea hadi shimoni, mikono bado kifuani. Chini, mumewe anapita kwenye maji, watoto, anayekoroma, ardhi, kamba, aliye juu asisinzie. Anafika pale mkewe anaposhusha sauti. Ananyamaza.

Pumzi moja. Tatu. Tano. Mshika kamba ananyoosha mkono kuitikisa kamba.

"Ngoja, shemeji," anasema Mama Pacha.

Anapiga magoti kwenye udongo mbichi na kuinama juu ya mdomo wa kisima. Jambo la kunong'ona halifiki mita kumi na moja, kwa hiyo analazimika kupaza sauti, mwenye kiwanja akisikia, majirani ukutani wakisikia:

"Na unisamehe! Maana kila siku nakuja kwako, na ninayemtaka ni yeye kuliko Wewe!"

Kapi limetulia. Mwenye kiwanja anatafuta kitu cha kutazama, anaiangalia kofia yake. Mama Pacha amejifunika uso kwa kanga. Chini kimya, na kimya kinavuka pumzi kumi, na mshika kamba, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, anaisahau sheria. Kisha anashtuka, anatikisa kamba kwa nguvu.

"Fundi! Una hewa?"

"Ninayo!"

Ndoo inagonga zege mahali fulani gizani. Sauti inapanda tena, taratibu, ya mtu anayeomba:

"Mama Pacha. Rudia."