Muuza nyama wa Wexthorpe na kaburi lenye jina la mtu mwingine

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Thelma Grebby anafunga aproni, anawasha taa za buchani na kuanza kulisha mashine ya kusaga nyama ya nguruwe. Anaisukuma kwa kipande cha mti, kamwe si kwa mkono, na ukimsemesha hageuki mpaka nyama iishe.

"Familia yetu ilishatoa kidole kimoja kwa mashine hii," anasema baada ya kuizima. "Kinatosha."

Juu ya mlango bado pameandikwa "Dowse na Wanawe", ingawa hakuna mwana wa Dowse aliyebaki Wexthorpe. Thelma, mwenye umri wa miaka 59, ni mjukuu wa upande wa binti. Anafanya kazi saa sitini kwa wiki, na mwaka jana, baada ya umeme na kodi ya pango, alibakiwa na pauni elfu kumi na tisa za kuishi. Hapendi kuulizwa habari hiyo mara mbili.

Saa mbili mteja wa kwanza anaingia. Ni Bwana Leggott, dereva mstaafu wa trekta, ambaye hununua soseji nne kila Ijumaa na kuzikosoa kila Ijumaa.

"Majani ya kiungo umeyafanyia ubahili leo, Thelma. Siyaoni."

"Miwani umeiacha wapi, mzee?"

"Babu yako alikuwa anajaza mkono mzima!"

"Babu yangu alikukimbiza na ufagio hapo mlangoni. Mama kanisimulia yote."

Bwana Leggott anacheka, analipa, kisha anauliza kwa sauti ya chini: "Wale watu wa makaburi wamejibu?"

"Bado."

Mji mzima unajua anachosubiri. Bucha hufungwa kila Jumatano saa sita mchana, kama yalivyo maduka ya zamani ya Lincolnshire, na kwa miaka tisa Jumatano za Thelma zimekwenda kwenye jambo moja: kumtafuta mjomba wake, Wilfred Dowse.

Wilfred alikuwa mpiga bunduki katika ndege ya mabomu ya watu saba. Ndege hiyo iliruka kutoka uwanja ulio maili nne tu kutoka buchani, Mei 1944, na haikurudi. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Dada yake, Enid, alikuwa na miaka kumi na mitatu. Sasa ana tisini na minne, anaishi ghorofani juu ya bucha, na ndiye mama yake Thelma.

Nusu ya mbele ya ndege ilizama baharini na watu sita. Nusu ya nyuma iliangukia malisho ya ng'ombe huko Friesland, Uholanzi, ikiwa na mtu mmoja ndani ya kibanda cha bunduki cha mkiani. Kibati chake cha shingoni, chenye jina, kilikuwa kimeungua. Orodha ya wakubwa ilisema mpiga bunduki wa mkiani ni Percy Holroyd, basi akazikwa kwa jina hilo. Wilfred, ambaye kwenye orodha alikaa kibanda cha juu, akahesabiwa pamoja na waliomezwa na bahari. Jina lake likachongwa kwenye ukuta wa kumbukumbu pamoja na maelfu ya wasio na kaburi.

"Wenzetu wana jiwe," anasema Enid. "Sisi tuna ukuta. Ukuta huwezi kuupalilia."

Kilichomsumbua miaka yote ni swali dogo: nani amewahi kumpelekea kaka yake ua?

Kosa la familia hii linaanzia kwenye barua ambayo Enid ameihifadhi katika kopo la biskuti. Wilfred aliwaandikia wazazi wake Aprili ile: "Percy anaganda huko mkiani, kwa hiyo tunapokezana, safari yake, safari yangu. Rubani anajua, wakubwa hawajui. Msimwambie mtu."

Hawakumwambia mtu. Vita vilipokwisha, serikali iliandika kuuliza kama familia ina lolote la kusaidia utambuzi, na mzee Dowse akajibu kwamba hana.

"Baba aliogopa Wilf ataadhibiwa," anasema Enid.

"Mama, alikuwa ameshakufa."

"Wilf alisema tusiseme, Thelma. Wewe hukumjua Baba."

Thelma aliisoma barua hiyo kwa mara ya kwanza miaka tisa iliyopita, akitafuta cheti cha bima.

Aliandika barua nyingi kwenda Uholanzi. Moja ilimfikia Sjoerd Bangma, mwalimu mstaafu anayetunza makaburi ya kijiji ilipoangukia ndege. Ilimchukua miaka kadhaa, lakini vuli iliyopita Bangma alilikuta kwa mjukuu wa mchimba kaburi daftari la mwaka 1944, akapiga picha ukurasa mmoja na kuutuma. Kuhusu mtu wa mkiani, mchimba kaburi aliandika: mrefu, nywele nyeusi, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimekatika nusu, jeraha la zamani.

Wilfred alikatwa kidole hicho na mashine ya nyama akiwa na miaka kumi na mitano.

Bangma aliongeza mstari mmoja ambao Thelma hakuufurahia. Kaburi hilo lina mgeni wake. Kila Mei huja mzee kutoka Yorkshire, na maua na chupa ya chai. Anaitwa Gilbert Holroyd, na ni mdogo wake Percy.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Makaburi ya vita hayafukuliwi kwa ajili ya vipimo, na Thelma alielezwa kwamba jiwe lenye jina haliguswi kabla ndugu wa jina hilo hawajasikilizwa. Ili mama yake apate kaburi, ilibidi mzee wa miaka themanini na tisa apokonywe lake.

"Nilikaa na namba yake ya simu wiki tatu," anasema Thelma. "Nikipima nyama, nafikiria namba. Nilijiona mwizi."

Alipiga Jumatano moja ya Januari. Alijitambulisha, akaeleza yeye ni nani, kisha akauliza swali moja.

"Mzee Holroyd, kaka yako alikuwa na vidole vyake vyote?"

"Vidole? Mwanangu, Percy alikuwa mpiga piano. Kila Jumamosi baa ilijaa kwa ajili yake. Kumi, vyote kumi. Kwa nini unauliza?"

Thelma alimsomea ukurasa wa daftari, halafu barua ya kopo la biskuti. Kisha mzee akasema, "Asante kwa kunipigia," na kukata simu.

Gilbert hakumpigia kwa siku kumi na moja. Thelma anakiri kwamba siku ya saba alitaka kuchoma karatasi zote na kumwambia mama yake hakupata kitu. Hakufanya hivyo, kwa sababu Enid alikuwa akiuliza kila asubuhi, kabla hata ya chai: "Amepiga?"

Siku ya kumi na mbili Gilbert hakupiga simu. Alikuja. Alishuka basi mbele ya bucha akiwa amevaa tai, na bahasha mkononi. Ndani yake kulikuwa na barua aliyoitia saini, ikisema kwamba aliyelala pale si kaka yake.

"Nimekwenda mara thelathini na nane," alimwambia Thelma pale kaunta, mbele ya wateja watatu waliosahau walichofuata. "Nilitaka nikasirike. Nimejaribu. Lakini siwezi kumficha kijana wa watu chini ya jina letu, eti kwa sababu mimi napenda matembezi."

Thelma alimpandisha ghorofani. Enid alikuwa ameketi dirishani, na keki ya zabibu ilikuwa imekatwa tayari, na jibini pembeni. Mwandishi wa makala haya alikuwapo.

"Ulikuwa unamwambia nini?" aliuliza Enid.

"Nani, dada?"

"Wilf. Miaka yote hiyo. Hukukaa kimya na chupa ya chai."

Gilbert aliangalia kikombe chake. "Mambo ya kijinga tu. Mpira. Goti langu. Mke wangu alipoanza kuugua, nilimwambia yeye kabla ya watoto."

"Alipenda mpira," alisema Enid. Alikuwa analia na hakujificha. "Mimi nilidhani hana mtu. Miaka themanini nilidhani hana mtu."

Ofisi ya makaburi ya vita imesema uamuzi unaweza kuchukua hata miaka miwili. Enid amesema hana muda wa mchezo huo. Mei tisa bucha litafungwa kwa siku nne, jambo ambalo halijatokea tangu babu yake Thelma azikwe, na watatu hao watapanda meli kwenda Uholanzi, jiwe likiwa limebadilishwa au la.

Haikuwa rahisi kumshawishi Gilbert. Jina la Percy litahamia ukutani, na yeye aliona safari hii ni ya familia nyingine.

"Nendeni nyinyi," alisema siku ile, akitafuta kofia yake. "Ni kaka yenu. Ila sijui nitakwenda wapi mwezi wa tano. Sina pengine."

Enid alimshika mkono wa koti.

"Kaa chini, mdogo wangu. Utakwenda kule kule. Wewe ameshakuzoea. Mimi aliniacha na miaka kumi na mitatu, hata sura yangu haijui. Utanitambulisha."