Salamu Zilizoujaza Mnara wa Kagunga

Jua la saa saba limekaa juu ya Kagunga, na Gaudensi Mlowe amesimama chini ya mnara wake wa mtandao akitazama kitaa kidogo kinachowaka rangi ya chungwa. Kikiwa cha kijani, mambo shwari. Tangu Jumatatu hakijawa cha kijani.

"Hata mimi nimegeuka rangi," anasema, akijifuta shingo. "Nikirudi nyumbani hawatanijua."

Gaudensi, mwenye umri wa miaka 38, ni fundi mitandao wa kampuni moja inayosambaza unga, sukari na sabuni kando ya Ziwa Tanganyika. Kazi yake ni kuhakikisha kompyuta za ofisi ya Rusimbi na ghala la Gungu, zote mjini Kigoma, na za depo ya Kagunga, zinasikilizana. Depo ikiagiza, ghala lione, boti ipakie.

Gari halifiki Kagunga. Mnara ukisumbua, Gaudensi anapanda boti, betri kaipakata kama mtoto mchanga. Analipwa shilingi laki nne na nusu kwa mwezi, na nusu yake inakwenda kwa mama yake huko Makete, kwenye baridi alikozaliwa.

Mwezi huu wa Mei 2015, ufuko umejaa watu wa Burundi waliokimbia vurugu kwao, wanaosubiri meli ya kuwapeleka Kigoma mjini, na kutoka hapo kambini. Wanalala mchangani, wengine kwenye ngazi za depo. Mama mmoja, Bukeyeneza, alimlilia Edina, karani wa depo, apate mtandao. Edina akampa neno la siri.

"Nilimpa mmoja tu, kaka Gaudensi," Edina anajitetea.

"Huyo mmoja ana dada. Dada ana shemeji. Shemeji ana kijiji kizima," Gaudensi anamjibu, bila hasira. Hasira nayo inataka nguvu.

Basi oda zikakwama. Unga ukaisha Kagunga wakati ule ule watu walipouhitaji kuliko siku zote, na boti ikabaki imefungwa Kigoma, haijui ibebe nini. Mkuu wa usambazaji, Oswald, akapiga simu: oda zisipopita kufikia Ijumaa, mnara unazimwa na depo inafungwa. Edina na vibarua wake wakae nyumbani.

Leo ni Alhamisi.

Gaudensi alidhani watu wanatazama mpira. Alipoketi kukagua, hakuona mpira wala sinema. Aliona salamu.

Mrundi, kama Muha wa huku Kigoma, halivamii jambo. Akirekodi ujumbe wa sauti, anaanza na amahoro, yaani amani, anamuulizia baba, anamuulizia mama, anakuja kwa watoto, mbuzi, mvua na maharage shambani, ndipo anapoligusa lililomtoa usingizini. Mamia ya salamu za namna hiyo zilikuwa zinasukumana kwenye njia nyembamba iliyojengwa kwa ajili ya oda za sabuni.

Akamfuata Bukeyeneza. Mumewe, Tuyizere, alibaki nyuma kufunga nyumba, na tangu hapo hajasikika. Mama huyu amekataa kupanda meli mara mbili. Anasema huko mbele hajui kama simu itashika.

"Shikamoo, mama. Naomba useme jambo kwanza, salamu zifuate. Tena fupi."

Bukeyeneza akamtazama sana. "Mwana wanje, mwanangu, nimuulize kama yu hai kabla sijampa amahoro? Kwenu mnasalimiana mkishazikana?"

Wanawake wakaangua kicheko. Gaudensi naye akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaketi palepale mchangani.

Oswald akapiga tena. "Badilisha neno la siri umalize, Fundi. Sisi tunauza unga, hatuuzi salamu."

"Nimekusikia, bosi," akajibu, na neno la siri akaliacha lilivyo.

Badala yake akapanga njia upya: picha na video akazifungia, oda akazipa nafasi ya kwanza. Oda ikitokea, salamu zinakaa pembeni kama watu wanaopisha mkokoteni, ikishapita, zinaendelea. Kusema ni rahisi. Kazi yenyewe ameifanya huku betri ikizimika na kuwaka, chakula chake kikipoa.

Saa kumi jioni kitaa kikawa cha kijani, na simu ikalia. Ni Vedasto, mtunza ghala wa Gungu. "Oda imeingia! Unga magunia mia mbili! Nyie mlilala wapi wiki nzima?"

"Hujambo kwanza," Gaudensi akamwambia.

Boti inapakia. Oswald amekubali mnara ubaki hadi mwisho wa mwezi, kwa sharti kwamba fundi abaki nao. Gaudensi atakuwa akilala juu ya maboksi ya sabuni. Ameomba kampuni imletee betri ya pili, hajajibiwa. Ujumbe wa Bukeyeneza umeondoka, na salamu zake zote, hata za mbuzi. Jibu bado.

"Natamani huyo Tuyizere aitikie mnara ungali unawaka," anasema Gaudensi. "Baada ya hapo, Desemba, niende Makete nikalale."

Mama yake humlalamikia kwamba siku hizi akipokea simu anauliza tu, "Tatizo nini?" Jioni hii ameenda kukaa kwenye jiwe karibu na maji, akapiga mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu. Mmeshindaje? Baba mdogo mguu unaendeleaje? Na viazi, vimeshika?"

Nyuma yake kitaa kimerudi rangi ya chungwa. Amegeuka, amekiona. Anasubiri kwanza habari za viazi.