Mtungi Uliosuguliwa Mno

Etenesh alipika tela, pombe yetu ya shayiri, nzuri kuliko mwanamke yeyote wa mtaa wetu wa Gulele, na nasema hivyo nikijua kwamba Bogalech anaishi nyumba ya pili na masikio yake hayajazeeka kama magoti yake. Enzi hizo tela ilikuwa tela. Mtungi ulisuguliwa kwa majani machungu ya grawa mpaka ukalia chini ya kiganja, ukafukizwa moshi wa mzeituni mwitu, ndipo shayiri na gesho, majani ya kutia uchungu, vikaingia. Leo vijana wananunua bia ya chupa, iliyopikwa na mashine ambayo haijawahi kufiwa wala kuozesha mtoto, halafu wanatuambia hayo ni maendeleo.

Ugonjwa wake ulichukua miaka kugunduliwa, kwa sababu ulivaa nguo ya sifa njema. Mtu akipiga kelele barabarani tunajua kaugua. Mtu akiosha, tunamsifu.

Ulianza kwenye karamu ya siku ya arobaini ya mama yake. Mgeni mmoja kutoka Debre Birhan alitapika uani. Mgeni huyo alikuwa amepita nyumba mbili kabla ya kufika kwetu, na kote alikula nyama mbichi kama mtu anayehama nchi, na kila mtu alijua. Lakini Etenesh aliutazama mtungi wake, na wazo likamwingia: kama haukuwa safi? Kama nitamuua mtu?

Basi akaanza kusugua. Asubuhi ukimpita anasugua, ukirudi kutoka sokoni anasugua. Mikono ikababuka ikawa kama ganda la kitunguu. Mtungi mmoja ulipasuka kwa kusuguliwa, jambo ambalo sijawahi kulisikia tangu nizaliwe. Akimaliza, anamwita jirani juu ya ua.

"Bogalech! Njoo unuse. Ni safi?"

"Safi, dada."

"Umenusa vizuri?"

"Nimenusa mpaka nimesahau harufu ya mume wangu."

"Nusa tena."

Na Bogalech, ambaye si mwema kiasi hicho kwa mambo mengine, alinusa tena. Sote tulimjibu hivyo: safi, safi kabisa, naapa kwa Mikaeli. Tulidhani tunamsaidia. Jibu lilimtuliza kwa muda wa kufika mlangoni kwake, kisha akarudi.

Sasa, Etenesh alikuwa mwanachama wa chama chetu cha Mtakatifu Mikaeli. Tuko kumi na wawili, kama mitume, na hatuongezi. Kila tarehe kumi na mbili tunakutana kwa mwenye zamu. Yeye hupika tela, padri huibariki, na kikombe kimoja huzunguka mdomo kwa mdomo. Kiti cha Etenesh kilikuwa cha mama yake. Mume alishamzika, mtoto hakujaliwa. Chama ndicho kilichokuwa ukoo wake. Asipokuwa kwenye chama, hakuna anayepaswa kumgongea mlango.

Zamu yake ilipofika, tulikuta mtungi umekauka, unang'aa, haujapikiwa kitu. Akatuletea soda. Mwenyekiti wetu, Ato Wubishet, alikunywa soda ya machungwa kwa uso wa mtu anayemeza dawa ya minyoo. Zamu yake iliyofuata alifunga mlango kabisa, nasi tukasimama nje na mkate wetu kama wadai.

"Mara ya tatu," Ato Wubishet alisema kwa sauti ili asikie ndani, "kiti kinakwenda kwa mwingine."

"Binamu yangu yupo tayari," alisema Bogalech, upesi kidogo kuliko adabu inavyoruhusu.

Etenesh alikwenda kwanza kwenye maji ya baraka, kama walivyofanya wazazi wetu. Mimi siyacheki maji yale. Nimeona watu wakienda wamebebwa na kurudi wakitembea. Lakini kumpeleka majini mtu anayeugua kuosha ni kama kumtibu mlevi kwa kumfungia ndani ya ghala la pombe. Padri wa chemchemi alimmiminia.

"Haya, mama, nenda kwa amani."

"Baba, sikio la kushoto halikupata."

"Limepata."

"Halikupata vizuri."

Akamiminiwa tena. Kesho yake likawa sikio la kulia. Foleni ikaanza kunung'unika, na mwishoni mwa wiki padri akaweka ndoo chini. "Mama, maji haya yanatoka mlimani, hayatoki kwangu. Nenda hospitali kuu. Wana chumba cha watu kama wewe, na nasikia hakina bomba."

Mimi ndiye niliyemsindikiza, nikakaa kwenye benchi nje ya chumba ambacho mlango wake haukufungika vizuri. Ndani kulikuwa na vijana wawili wenye shahada, meza moja, na mabishano yasiyoisha. Wa kiume, Natnael, aliamini ugonjwa unaishi kwenye wazo: lichukue wazo, ulipime, ulionyeshe udhaifu wake, na mikono itapumzika yenyewe. Wa kike, Mahlet, alisema wazo liachwe lipige kelele litakavyo. Mgonjwa aguse anachokiogopa na asinawe, mpaka hofu ichoke yenyewe. Niliazima kitabu chao, nikakisoma kwa kamusi kama nilivyosoma kila kitu maishani mwangu. Kinasema njia zote mbili zinaponya watu, na zikishindanishwa hakuna inayoiacha nyingine mbali. Nilikasirika. Nilitaka mshindi.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya Natnael.

"Mama, ni watu wangapi wamekunywa tela yako tangu uanze kupika?"

"Mtaa mzima, mwanangu."

"Na wangapi wamekufa?"

"Nusu ya mtaa. Wazee wote wale."

"Nina maana, wamekufa kwa tela?"

"Hilo ndilo nililokuja kukuuliza wewe."

Nilisikia Mahlet akikohoa kwenye karatasi zake. Lakini kijana hakuwa mjinga. Alimfundisha Etenesh jambo moja ambalo halikumtoka tena: kwamba kuwaza umemuua mtu si kumuua, na kwamba wazo chafu halimchafui anayeliwaza. Alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Tatizo ni kwamba alilichukua somo lile akalifanya mtungi. Alikaa jikoni akipima: je, nimepima sawasawa? Labda kuna ushahidi niliousahau? Akaanza tena mwanzo. Alikuwa ameacha kusugua udongo, sasa anasugua mawazo, na tela bado hakuna. Natnael, kwa heshima ambayo sikuitegemea kwa kijana wa siku hizi, alisema mwenyewe, "Wengine njia yangu inawatosha. Huyu anaigeuza sabuni. Mahlet, mchukue."

Mahlet hakutaka ofisi. Alikuja Gulele kwa miguu, akatuita majirani, akatupanga uani.

"Mama atagusa vitu kwa ngazi," alisema. "Leo kizingiti cha mlango, kesho kutwa sufuria ya jirani, polepole. Na ninyi, akiwauliza kama ni safi, msimwambie ndiyo."

"Tumwambie hapana?" aliuliza Bogalech, akisogeza kigoda karibu.

"Msimwambie hapana pia. Semeni labda."

Nadhani Bogalech alikuwa amengoja ruhusa hiyo maisha yake yote. Etenesh alipogusa kizingiti na kuuliza kama kilikuwa safi, alijibiwa papo hapo, "Labda. Labda panya kafia hapo. Labda panya wawili, mume na mke."

"Labda moja inatosha, mama," alisema Mahlet.

Ngazi ilipandwa kwa mwezi mzima, na ilikwenda vizuri mpaka Mahlet alipofika kwenye gursha, tonge ambalo mtu humtia mwenzake mdomoni kwa mkono wake. Alikuwa amezaliwa kwenye magorofa mapya, nyumba ambazo kila mtu anakula kwenye sahani yake na uma wake, mlango umefungwa. Kwa hiyo alifanya kosa ambalo mtu aliyelelewa kwenye sinia moja asingelifanya. Aliweka mkate wa injera katikati, akamwambia Bogalech, ambaye alikuwa ametoka kukamua mbuzi, "Usinawe. Mlishe mama tonge moja kwa mkono wako. Moja tu. Ya pili tutaifanya wiki ijayo."

"Moja?" alisema Bogalech.

"Moja."

"Binti, nani alikulea? Unataka tugombane mimi na huyu mpaka kaburini? Gursha haiachwi moja!"

"Ni matibabu, mama, si karamu."

"Nami ni jirani, si muuguzi." Akasokota tonge la kwanza, kubwa, likimchuruzika mchuzi mpaka kwenye kiwiko, akamshindilia Etenesh. Kabla hajameza, la pili likaingia, maana moja huleta ugomvi. Kisha la tatu, maana mbili ni ubahili. Na kwa kuwa Bogalech amelisha, je, wengine waonekane wachoyo? Wanawake wakasimama. Mahlet alikuwa akipiga kelele, "Polepole! Ngazi! Ngazi!" huku mikono yote ya mtaa, iliyotoka kwenye kuku, kwenye mkaa, kwenye pua za wajukuu, ikipita mbele yake. Mimi mwenyewe nililisha matonge matatu. Heshima ni heshima.

Etenesh alimeza. Machozi yalimtoka. Akainuka kwenda kwenye ndoo, na Mahlet, ambaye ngazi yake ilikuwa imekwisha kuvunjwa, alifanya la maana pekee lililobaki: akaketi mbele ya ndoo.

"Usinawe, mama. Usisukutue. Tunasubiri."

"Nitakufa."

"Labda," alisema Mahlet, akaikumbatia ndoo kwa mikono miwili.

Kahawa ikakaangwa, maana tungekaaje bure? Kwenye mzunguko wa kwanza kati ya mitatu Etenesh alikuwa amekalia viganja vyake, jasho linamtoka, midomo inahesabu magonjwa. Kwenye wa pili aliacha kuhesabu, akawa anatazama moto. Wakati wa ule wa tatu, mwepesi, wa baraka, alinyoosha mkono akachukua kikombe bila kuangalia aliyekitumia kabla yake, akasema, "Nani kaweka chumvi nyingi hivi kwenye mchuzi?"

Mahlet alimgeukia Bogalech. "Kitabu hakisemi ifanyike hivi," alisema.

"Kitabu hakikualikwa," alijibu Bogalech.

Sitaki kudanganya kwamba alipona siku ile. Wiki mbili zilizofuata nilimwona mara nyingi amesimama na mtungi, mkono unakwenda kwenye grawa, unarudi, unakwenda. Mahlet alikuja kila baada ya siku chache. Natnael naye alikuja mara moja, akamkumbusha kuhusu wazo na tendo, na nadhani ilisaidia, ingawa Mahlet hatakubali. Tarehe kumi na mbili ya zamu yake ya tatu ikakaribia. Shayiri ilinunuliwa. Hatukujua zaidi ya hapo.

Siku yenyewe mlango ulikuwa wazi. Nyasi mbichi zilitandazwa sakafuni, mkate upo, na mtungi upo katikati, umejaa, povu linapumua juu yake. Padri akabariki. Etenesh akachota, akamkabidhi Ato Wubishet kikombe.

Ato Wubishet alikiinua, akakiangalia ndani. Mtaa wetu hauna siri. Kila mtu alikuwa amesikia habari za ngazi.

"Etenesh, mwanangu," alisema taratibu, "huu mtungi umeusugua mara ngapi?"

"Mara moja, baba."

"Moja?"

"Moja."

Wanaume walewale waliomsema kwa kuosha sana walianza kutazama povu kama linawatazama. Mmoja alikumbuka tumbo lake. Mwingine akasema daktari amemkataza vichachu. Ato Wubishet akashika ncha ya shuka lake na kufuta ukingo wa kikombe, akaugeuza, akafuta upande wa pili, akarudia wa kwanza.

"Lakini ni safi?" aliuliza.

Etenesh alisimama pale, mikono imeshikana mbele ya gauni jeupe. Chama kisipokunywa, zamu haikufanyika. Hiyo ndiyo sheria, na binamu wa Bogalech alikuwa mlangoni amevaa viatu vipya.

"Sijui, baba," alisema. "Nimepika kama alivyonifundisha mama. Zaidi ya hapo sijui, na wala sitasugua tena ili nijue. Anayetaka anywe."

Ato Wubishet alifuta ukingo kwa mara nyingine.

"Mzee, unakifuta au unakibatiza?" Bogalech alimnyang'anya kikombe. "Mwanamke huyu nilimlisha kwa mkono uliotoka chini ya mbuzi, na yuko hai, ananisema chumvi. Nitashindwa na shayiri?" Akanywa mpaka chini, akafuta povu kwa mkono, akamgeukia binamu yake mlangoni. "Wewe rudi nyumbani. Kiti kimejaa."

Baada ya hapo nani angekataa, aonekane anamwogopa mwanamke mgonjwa? Kikombe kikazunguka. Ato Wubishet alikunywa akiwa amefumba macho, na alipoyafumbua alinyoosha kikombe aongezwe.

Kilimfikia mwenye nyumba mwisho kabisa, ukingo umeng'aa kwa siagi ya midomo kumi na moja na ya padri. Alikitazama. Mkono wake ulishika ncha ya shela, ukakaa pale, kisha ukaiachia. Akanywa, akakunja uso.

"Gesho imezidi," alisema. "Mbona hakuna aliyeniambia, mnanywa tu?"